Jembe Nililoinua Ugenini

Niliyoyaona na niliyoyasikia sitayachanganya. Niliona ngoma za watu wa ng'ambo ya mpaka, nikala vyakula vyao, nikarudi nyumbani na kulikuta shamba la mdogo wangu limelimwa, madongoa yamevunjwavunjwa, na halina hata mche mmoja. Hayo ni yangu. Kwamba mvua ilishuka kwetu jioni ile ile niliyokuwa nikila ugenini, na kwamba mdogo wangu alikuwa akitoka kila alfajiri na jembe begani, akasimama ukingoni mwa shamba akiitazama njia itokayo Homa Bay, kisha akarudi nalo likiwa safi kama lilivyotoka, hayo nimeyasikia. Aliyenieleza ni mke wake, naye si mtu wa kutia chumvi. Hata hivyo sikuwapo, na sitasimulia kana kwamba nilikuwapo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Ntimaru, juu kwa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwetu hasa ni chini ziwani, mbele ya Homa Bay, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu mtu husimama mlangoni akakiona kisiwa cha Takawiri. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Tulibaki wana wawili, mimi mkubwa na mdogo wangu aliyekaa na ardhi. Mimi nilikuwa na mshahara. Yeye alikuwa na shamba, mke, na watoto ambao hawakuwa na chakula kingine ila kilichotoka katika shamba hilo.

Kwetu mbegu hufuata umri. Mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Mkubwa hulala nyumbani kwake, pamoja na mkewe, usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Asubuhi huinua jembe, mkewe akatia mbegu, na hapo ndipo mdogo anapopata ruhusa ya kufungua shimo lake la kwanza. Si lazima mkubwa amalize shamba. Mistari miwili yatosha. Na mavuno nayo yana mwendo huo huo: mdogo hali kipya kabla mkubwa hajakionja. Anayevunja utaratibu huu husemwa amejiletea chira, yaani maradhi ya kukonda yasiyosikia dawa ya hospitali.

Husemwa. Mimi sijapata kumwona mtu ambaye ningeweza kuapa kuwa aliuawa na chira, na darasani nililitaja jambo hilo kama mfano wa imani isiyo na ushahidi. Lakini miaka michache kabla ya safari nitakayoisimulia, mdogo wangu alipanda maharagwe pembeni mwa shamba kabla sijafika likizo. Pengine alikuwa ameyasikia maneno yangu ya darasani akadhani yanamhusu. Nilimwita mbele ya baba zetu wadogo, nikamsemesha kama mtoto, naye akaomba msamaha akiwa amesimama, kofia mkononi. Sikuogopa chira. Nilipenda kusubiriwa. Kuanzia siku hiyo hakupanda tena chochote kabla yangu, hata mchicha.

Mwaka ninaousimulia mvua za masika zilichelewa. Shule zilipofungwa, Ntimaru palikuwa pamekwisha kupandwa, kwa maana mlimani mvua huja mapema, lakini habari zote kutoka ziwani zilikuwa za vumbi. Nilipaswa kushuka nyumbani mara moja, nikae tayari. Hapo kikundi cha ngoma cha kijiji jirani na shule kikaalikwa Tanzania, kwenye tamasha la ngoma na vyakula katika mji mmoja wa ufukoni, kusini mwa Mto Mara. Walitaka mtu wa kuwasemea, mwenye Kiswahili kisichotia aibu mbele ya Watanzania. Wakaniomba. Nilijifanya nafikiri.

Mke wangu alikuwa ameshafunga mizigo ya kwenda nyumbani.

"Twende kwanza nyumbani, Mwalimu," aliniambia. "Tupande mistari miwili, shemeji awe huru. Kisha uende ukacheze."

"Siendi kucheza. Naenda kusema kwa niaba ya kikundi."

"Haya, ukaseme. Lakini tupande kwanza."

"Mvua iko wapi? Unataka nipande vumbi?"

"Wangapi wamepanda kwenye vumbi na mvua ikawafuata? Na shemeji akae na jembe mpaka lini?"

"Nitarudi kabla ya mvua."

"Nani amekuambia?" aliuliza.

Nilikasirika. Yeye alishuka nyumbani peke yake. Mimi nilivuka mpaka kwa miguu pamoja na wacheza ngoma, kama wavukavyo watu wa Ntimaru wanaokwenda kuuza mahindi au kuwaamkia shangazi zao, na upande wa pili tukapakiwa kwenye lori pamoja na ngoma, zeze kubwa la Kikuria, na magunia ya unga wa wimbi ambao ndio ulikuwa chakula chetu cha kuonyesha.

Tamasha lilifanyika katika uwanja wa mpira uliotelemkia ziwani. Pembezoni vilijengwa vibanda vya makuti, kila kimoja cha watu wa mahali pamoja, na kila kibanda kilikuwa na moto wake. Palikuwa na sato wa kukaanga na ugali wa muhogo uliovutika kama mpira. Palikuwa na ndizi za kupikwa na maharage, maziwa ya mgando ndani ya vibuyu vilivyofukizwa moshi, nyama ya mbuzi iliyobanikwa juu ya vijiti. Mama mmoja wa Kisukuma alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vikachemshwa tena na karanga. Nilikiuma kipande kama mtu anayeuma biskuti.

"Taratibu, baba," alisema. "Huo ni mchembe, siyo ganda la mti. Unyonye kwanza. Hivi Kenya hamna meno ya subira?"

Wanawake waliomzunguka wakaangua kicheko. Nikanyonya. Utamu ulikuja polepole, mzito, wenye harufu ya jua. Nilikula bakuli zima, nikaongezwa. Tangu hapo sijakula kitu nilichokifurahia kama kile, na ninaandika hivyo bila raha, kwa sababu jioni ile ndiyo wanayoitaja nyumbani kuwa jioni ya mvua.

Wenzangu walicheza vizuri. Vijana wao walivaa viatu vya mbao vyenye soli nene kuliko tofali, wakawa warefu kama milingoti, na walipokanyaga pamoja uwanja ulitetemeka chini ya nyayo zangu. Mzee wa kikundi, mpiga zeze, alikuja kukaa karibu nami akijifuta jasho.

"Sisi tumepanda ndio tukaja kucheza," alisema kwa majivuno. "Nyinyi huko ziwani mmepanda?"

"Bado kukavu."

"Aa. Mjaluo hulima samaki. Yeye hahitaji mvua." Akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya pili mchana nilikuwa katika kibanda cha samaki, mkono katika sahani, nilipoitwa kwa Kijaluo. "Japuonj!" yaani mwalimu. Alikuwa mchuuzi wa dagaa kutoka ufuko wetu, mwanamke mnene wa sauti kali, jirani yetu wa miaka mingi. Alikuwa amekaa Tanzania majuma kadhaa akinunua dagaa wakavu. Hakunisalimu sana.

"Japuonj, unakula nini huku? Kwenu kumenyesha."

"Umeona mwenyewe?"

"Nitaonaje na mimi niko huku? Wameniambia watu wa mashua. Wamefika asubuhi hii, wametoka kwetu jana jioni. Wanasema ilinyesha mpaka wakatoa maji kwenye mashua na sufuria."

"Basi hujui. Umeambiwa."

Aliweka mikono kiunoni. "Wanasema watu wote wameingia shambani leo. Wote ila ndugu yako. Yeye anakusubiri."

"Waliotoka jana jioni wamejuaje yanayofanyika leo?"

Hapo nilimshika, na nilijua nimemshika. Mpishi wa samaki alitabasamu akainamia sufuria yake. Mchuuzi hakutabasamu.

"Mvua ya kwanza ikinyesha jioni, mkulima hufanya nini asubuhi, japuonj? Hilo pia ulione? Wewe hata kifo chako utataka ukione kwanza ndio ukubali umekufa."

"Mimi sifungi safari kwa maneno ya sokoni, mama."

"Si maneno ya sokoni, ni ya mashua. Na mashua ile pale." Alielekeza kidole chini ya uwanja, kwenye maji. "Inarudi kesho asubuhi. Iko na nafasi. Enda uwaulize wenyewe."

Nilitazama alikoelekeza. Niliona mashua tatu au nne zimevutwa mchangani, na watu wamekaa kivulini mwake. Haikuwa mbali, mtu angefika kabla chai yake haijapoa. Sikwenda. Angani juu ya mji ule hapakuwa na wingu, nami niliuchukua ukavu wa mahali nilipokuwa kuwa ushahidi wa mahali nisipokuwapo. Kosa hilo ningelikata kwa kalamu nyekundu katika daftari la mtoto wa darasa la tano. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikushuka ufukoni. Asiyeamini uvumi ana wajibu mmoja, kwenda kwa aliyeona na kumwuliza. Walioona walikuwa pale chini wakila ugali, nami sikuwauliza, kwa sababu kesho yake nilikuwa nimepangiwa kutoa hotuba ya shukrani ya wageni, na nilikuwa nimeshaitunga.

Alasiri iliingia ngoma ya majembe. Niliijua kwa sifa tu. Wasukuma waliingia uwanjani kwa safu mbili, kila mtu na jembe lake la mpini mfupi, ngoma zikiwatuliza na kuwachochea. Waliinama pamoja, wakalima hewa pamoja, wakayarusha majembe juu yakazunguka yakimetameta, wakayadaka bila kutazama. Halafu walianza kulima kweli, wakikata nyasi za uwanja kwa mapigo ya ngoma, na vumbi likapanda. Ni kazi waliyoigeuza kuwa furaha, nami nilisimama pale nikiwa na tumbo lililojaa, nikayaona majembe yote yale, na kwa mara ya kwanza nikakosa raha. Nilimwona mdogo wangu. Sisemi nilimwona kwa macho. Nilimwona kama mtu amwonavyo yule ambaye yeye anamkosea.

Kiongozi wa safu alinijia mbio, akanitia jembe mkononi. "Mgeni naye alime!" Watu wakapiga makofi. "Mwalimu! Mwalimu!" wakapaza sauti wenzangu wa Ntimaru. Ningeweza kukataa, mzee mwenye tai halazimishwi. Nililiinua jembe juu ya kichwa, nikalishusha kwa pigo la ngoma. Lilizama. Nikaliinua tena. Watu walishangilia, nami nikaendelea mpaka shati likanata mgongoni, na sitaficha kwamba nilifurahi. Hilo lilikuwa jembe la kwanza nililoinua msimu ule.

Nilipolirudisha nilimwona yule mchuuzi kwenye kamba ya uwanja. Alikuwa amenitazama wakati wote.

"Kumbe jembe unalijua," alisema, kisha akashika njia ya ufukoni.

Asubuhi iliyofuata, kutoka kwenye kibanda cha chai, niliona mashua moja ikielekea kaskazini. Siwezi kuthibitisha kwamba ilikuwa ile. Hotuba yangu ilisifiwa. Baada ya hapo wenyeji hawakutuachilia; kila kijiji njiani kilitaka kutuchinjia mbuzi wake, na lori lilikuwa lao, nami sikusema hata mara moja kwamba nina haraka. Tulikula mpaka tulipofika mpakani.

Kutoka Migori kushuka Homa Bay nilikaa dirishani mwa basi. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa maji. Nilipofika karibu na kwetu, mahindi ya majirani yalikuwa yameshatoka, majani mawili mawili, mistari imenyooka. Nilipatafuta mahali ambapo yangeweza kuwa hayajaota. Nilipapata.

Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe, ukingoni mwa shamba lake. Alisimama aliponiona. Tulisema Kijaluo, ninayaweka maneno yetu hapa kwa Kiswahili kwa uaminifu niwezao.

"Jaduong', umefika." Ndivyo alivyoniita siku zote, mzee, tangu baba alipokufa.

"Nimefika. Kumbe ilinyesha."

"Ilinyesha." Alitazama viatu vyangu vilivyojaa matope. "Sasa umeona."

Nilisema tutapanda kesho asubuhi. Alisema vyema. Kisha akauliza, huku akikwangua mpini wa jembe kwa ukucha, "Mama wa dagaa alipita hapa. Anasema uliinua jembe huko Tanzania."

"Ni kweli."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na ukalishusha, udongo ukaruka?"

"Uliruka."

Alifikiri. "Nilimwambia mke wangu: kama jaduong' amelima huko, basi amelima. Udongo ni udongo. Tupande. Mbegu nikazitoa. Halafu nikajiambia, huyu mama ni mtu wa sokoni, na jaduong' hapendi tufanye jambo kwa maneno ya watu. Nikazirudisha." Akacheka. Alikuwa na kicheko cha baba yetu, kifupi, cha puani. "Kumbe alisema kweli! Ningalikuwa na shahidi wa pili, mahindi yangu yangalikuwa yametoka."

Sikucheka. Aliona sikucheka, akaacha.

Usiku huo nililala nyumbani. Asubuhi niliinua jembe, mke wangu akatia mbegu. Tulipomaliza mstari wa pili niligeuka nikamwona mdogo wangu na mkewe wamesimama upande wao, mbegu mkononi, wakinitazama. Niliwaitikia kwa kichwa kuwaruhusu. Walipanda kwa kasi ya watu wanaofukuzwa.

Mvua ya mwaka ule haikudumu. Mahindi ya majirani yalikwisha kutoa mbelewele ilipokatika. Ya mdogo wangu yalikuwa yamefika kiunoni. Nilipokuja wikendi moja niliyaona yamejikunja majani kama watu wanaosikia baridi. Yangu yalikuwa vivyo hivyo, lakini mimi niliporudi Ntimaru nilipokea mshahara, nikanunua gunia.

Sina haja ya kusema kwamba nilimpelekea mdogo wangu mahindi. Nilimpelekea. Aliyapokea, akashukuru, na wala hilo halikubadili chochote nilichokiona Agosti.

Likizo ya Agosti nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yangu alipokuja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Nyuma yake, kwenye ua wao, mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na watoto wameketi ukutani kwa safu. Nilielewa kabla hajafunua. Kulikuwa na hindi moja la kuchemsha. Lilikuwa fupi kama kiganja changu, na punje zake zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

"La kwanza," alisema.

"Mmevuna lini?"

"Juzi."

"Na hamjala?"

"Tungekulaje? Wewe ulikuwa hujafika."

Nilitaka kumwambia niliyopaswa kumwambia mwaka ule wa maharagwe. Nilianza. "Kuanzia sasa usinisubiri tena. Kupanda wala kula. Mimi siyaamini mambo haya. Sikuyaamini hata wakati ule."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa, nami nikatambua kwamba alijua zamani kuwa siyaamini, na kwamba alikuwa akinisubiri hata hivyo.

"Kula kwanza, jaduong'," alisema. "Watoto wanatazama. Hayo mengine nitayaamini nikiyaona."

Nilikula. Nilikula kila punje, kwa kuwa kubakiza pia kungesemwa. Lilikuwa tamu. Kwa muda wote huo hakuna mtoto aliyeondoka ukutani. Nilipoliweka gunzi sahanini, mdogo wangu aliinua mkono kuelekea kwa mkewe, akaichukua sahani, akashuka nayo kwao. Mkewe aliinama akaingia jikoni. Kitambo kidogo moshi ukatoka penye paa. Huo niliuona.